Yankees walinunua nini walipomchukua Soto?

Swali: Habari za kazi. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, ninaishi New Jersey, huu ni mwaka wa nne. Soka naijua tangu utotoni. Besiboli nimeikuta huku, wenzangu kazini wakaniambukiza. Kinachonishinda ni usajili wao. Desemba 2023 San Diego Padres waliwapa Yankees Juan Soto, mmoja wa wapigaji bora duniani, bila ada yoyote ya uhamisho. Wakapokea wachezaji watano ambao wengi wao sikuwahi kuwasikia. Mwaka mmoja tu ulipopita, Soto akaenda zake Mets kwa dola milioni 765, na Yankees hawakuambulia hata senti. Nani alimpunja mwenzake? Na kwa nini mtu kama yule asiuzwe kwa pesa taslimu tukaelewana?

Jibu: Salama, ndugu yangu. Niruhusu nianze na hilo la mwisho, maana ndilo linalofungua mengine yote.

Kwenye soka klabu ina mkataba na mchezaji, na mkataba ukiwa hai anayemtaka analipa. Ukiisha, kijana ni huru hata akiwa na miaka 19. Besiboli ya Marekani haiendi hivyo. Mchezaji akishasaini, klabu inamshikilia mpaka atimize miaka 6 ya utumishi katika ligi kuu, hata kama karatasi anayosaini ni ya mwaka mmoja mmoja. Kwa hiyo timu mbili zinapobadilishana wachezaji, kinachohama hasa ni misimu iliyobaki kabla mtu hajawa huru. Kazi yangu ni kukagua mikataba ya wanamichezo, na nikisoma habari ya mabadilishano ya aina hii huwa nayaruka majina kwanza. Naangalia miaka.

Ukiwahi kutafuta fremu Kariakoo utanielewa upesi. Unalipa kilemba kwa aliyemo ndani ili akupishe, na kilemba kinapanda au kushuka kulingana na muda uliobaki kwenye mkataba wake wa pango. Fremu ni ile ile, mtaa ni ule ule. Miezi mitatu na miaka mitatu havina bei moja.

Sasa kwa nini kilemba hicho kisilipwe kwa noti? Zamani kililipwa. Babe Ruth mwenyewe aliuzwa na Boston kwa Yankees kwa dola 100,000, biashara iliyofungwa mwishoni mwa 1919. Lakini 1976 mmiliki wa Oakland, Charlie Finley, alipojaribu kuwauza Joe Rudi na Rollie Fingers kwa Boston kwa dola milioni 1 kila mmoja, na Vida Blue kwa Yankees kwa milioni 1.5, kamishna wa ligi, yaani mkuu wake, Bowie Kuhn, aliifuta biashara yote. Tangu hapo pesa nyingi kwenye mabadilishano huhitaji baraka za ofisi ya kamishna, na timu zimezoea kulipana kwa watu.

Tena pesa inapoonekana, mara nyingi inakwenda upande usioutarajia. Desemba 2024 Chicago Cubs waliwapa Yankees Cody Bellinger, na wao Cubs ndio waliotoa dola milioni 5 juu yake. Sababu ni mshahara: anayempokea mchezaji anaupokea na mzigo wake, kwa hiyo anayemtoa humsaidia kuubeba. Shabiki wa soka akiliona hilo mara ya kwanza anadhani mwandishi amekosea.

Tuje kwa Soto. Chukua karatasi.

Mwaka mmoja wa utumishi ni siku 172 kwenye ligi kuu. Msimu wenyewe una takriban siku 187. Soto alipandishwa na Washington Nationals tarehe 20 Mei 2018, akiwa na miaka 19. Mpaka msimu unaisha alikuwa na siku 134. Zilipungua siku 38 tu kutimiza mwaka. Halafu hesabu misimu ya 2019, 2020, 2021, 2022 na 2023: mitano kamili. Jumla, kufikia vuli ya 2023, ni miaka 5 na siku 134. Hakufika 6, kwa hiyo Padres walikuwa na haki ya msimu mmoja zaidi, wa 2024, na baada ya hapo mlango wazi. Angalikuwa amepandishwa tarehe 12 Aprili 2018 badala ya 20 Mei, hapo Desemba 2023 Padres wasingekuwa na cha kuuza. Angeshakuwa huru.

(Usidhani Nationals walimchelewesha makusudi. Mwaka ule kijana alianza ligi za chini akapita ngazi tatu ndani ya wiki chache. Wa makusudi tutamfikia.)

Hapo ndipo linapojibika swali lako la bei. Soto ameuzwa mara mbili, na tofauti ya bei hizo inafundisha kuliko maelezo yangu. Agosti 2022 Nationals walimpeleka San Diego pamoja na Josh Bell baada ya Soto kukataa ofa yao ya miaka 15 na dola milioni 440. Wakati huo kulikuwa kumebaki kipande cha 2022, 2023 yote na 2024 yote. Wakapokea wachezaji sita, miongoni mwao CJ Abrams, MacKenzie Gore na James Wood, na wote watatu wamekwisha kuitwa kwenye mchezo wa nyota wa ligi. Miezi 16 baadaye umebaki msimu mmoja. Mpigaji ni yule yule, jicho ni lile lile, lakini Padres wakaridhika na fungu dogo zaidi: warushaji (wale wanaomrushia mpira mpigaji wa upande wa pili) Michael King, Drew Thorpe, Jhony Brito na Randy Vásquez, na mdakaji (anayeudaka mpira nyuma ya mpigaji) Kyle Higashioka. Tena wakaongeza na Trent Grisham juu.

Umeona jinsi walivyochagua? Warushaji wanne. Msimu wa 2023 ulipokwisha, Padres walikuwa wanawapoteza kwa mpigo Blake Snell, aliyetwaa tuzo ya mrushaji bora mwaka ule, na Seth Lugo, Michael Wacha na Nick Martinez. Timu ya besiboli bila warushaji ni daladala bila tairi. Na ukirudi kwenye miaka: walitoa mmoja wa Soto na miwili ya Grisham. Walipata miwili ya King, sita mizima ya Thorpe ambaye hakuwa amecheza ligi kuu hata siku moja, na mingi ya Brito na Vásquez waliokuwa wameanza mwaka ule ule.

Halafu kuna mshahara. Miaka ya mwanzo mchezaji hulipwa karibu na kima cha chini, ambacho 2023 kilikuwa dola 720,000. Akishafikisha miaka 3, na wachache wenye bahati kama Soto kabla kidogo ya hapo, anapata haki ya usuluhishi. Wakishindwa kuelewana, yeye anaandika tarakimu yake, klabu inaandika yake, na wasuluhishi watatu wanachagua moja kati ya hizo mbili. Hawaruhusiwi kukata katikati. Utaratibu huu una akili: ukiandika tarakimu ya tamaa, unampa mwenzako ushindi. Ndiyo maana wengi humaliza mezani kabla ya shauri. Soto kwa njia hii alipanda kutoka dola milioni 8.5 mwaka 2021, hadi 17.1, hadi 23, na ya 2024 ikawa milioni 31. Wakati huo hakuna mchezaji wa ngazi ya usuluhishi aliyewahi kulipwa zaidi ya hapo kwa mkataba wa mwaka mmoja.

Padres hawakuwa na hiyo 31, au tuseme hawakutaka kuwa nayo. Mei 2023 kampuni iliyokuwa inarusha mechi zao iliacha kulipa na mkataba wa televisheni ukafa. Novemba mmiliki wao Peter Seidler, mtu aliyependa kutumia, akafariki. Na walikuwa wamelipa kodi ya anasa miaka mitatu mfululizo. Kodi hii inahitaji dakika moja. Ligi haina ukomo wa mishahara, ina mstari. Ukiuvuka unatozwa kwa kila dola iliyozidi, na ukirudia mwaka wa pili, kisha wa tatu, kiwango kinapanda. Ukishuka chini ya mstari mwaka mmoja tu, hesabu inaanza upya. Mwaka 2024 mstari ulikuwa dola milioni 237. Padres wakashuka chini yake.

Yankees wao walikuwa wanavuka kwa mwaka wa tatu mfululizo, na kwa mbali. Kwa mtu wa namna hiyo, kila dola iliyopita milioni 297 ilitozwa asilimia 110. Yaani mshahara wa dola 1 ulikuwa unawatoka dola 2.10. Kwa hiyo usiseme walimpata bure. Walimlipa Soto, wakailipa ligi, wakatoa na vijana.

Wakapata nini? Msimu mmoja, ndicho walichonunua. Soto aliuvusha mpira juu ya uzio mara 41, na usiku wa 19 Oktoba 2024 kule Cleveland, awamu ya 10, akapiga pigo la pointi tatu lililoipeleka Yankees kwenye World Series, fainali ya ubingwa, kwa mara ya kwanza tangu 2009. Kule wakafungwa na Dodgers mechi 4 kwa 1, sawa. Lakini hicho ndicho kilichokuwa kwenye risiti.

Na si kweli kwamba hawakuambulia chochote alipoondoka. Klabu inaweza kumpa mchezaji anayekuwa huru ofa ya mwaka mmoja kwa bei inayopangwa na ligi, wastani wa mishahara 125 ya juu. Vuli ile ilikuwa dola milioni 21.05. Akiikataa na kusaini kwingine, klabu ya zamani hufidiwa nafasi ya ziada kwenye zoezi la kila mwaka ambapo klabu huchagua chipukizi kwa zamu, raundi kwa raundi. Soto aliikataa, bila shaka. Kwa kuwa Yankees ni walipa kodi ya anasa, nafasi waliyopewa ilikuwa ya nyuma kabisa, baada ya raundi ya nne. Kifuta jasho chembamba, lakini kipo.

Cha kuchekesha ni Grisham. Aliingia kwenye biashara ile kama ile nyongeza anayokutupia mama wa nyanya baada ya kukupimia. Mwaka 2025 akapiga mara 34 juu ya uzio, akapewa ofa hiyo hiyo ya mwaka mmoja, safari hii ikiwa milioni 22.025, na yeye akaikubali.

Upande wa San Diego mambo hayakuishia hapo. Thorpe hakukaa. Machi 2024, kabla msimu haujaanza, alikuwa mmoja wa waliotolewa kwa Chicago White Sox ili aje Dylan Cease, mrushaji mwenye misimu miwili iliyobaki. Kwa hiyo msimu mmoja wa Soto ukageuka miwili ya King na, kwa sehemu, miwili ya Cease. King alimaliza 2024 na ushindi 13. Cease tarehe 25 Julai alirusha mechi nzima bila wapinzani kupata hata pigo moja, na wapinzani wenyewe walikuwa Nationals, nyumbani kwao Washington. Padres walishinda mechi 93 mwaka ule, kutoka 82 za mwaka uliotangulia wakiwa na Soto.

Nani alipunjwa, basi? Kwa hesabu zangu, hakuna. Ila ukinilazimisha niseme nani alifanya kazi nzuri zaidi mezani, nitasema San Diego, kwa sababu wao ndio waliokuwa wamebanwa na kila mtu alijua wamebanwa.

Nimekuahidi yule aliyecheleweshwa makusudi. Huyo ni Kris Bryant wa Cubs. Alifanya vizuri sana kwenye mechi za maandalizi za 2015, lakini akarudishwa ligi ya chini na kupandishwa 17 Aprili. Msimu ulipokwisha alikuwa na siku 171. Moja pungufu! Kwa siku hiyo moja uhuru wake ulisogezwa kutoka mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2021, na mwaka ule ule ndiye aliyechaguliwa mgeni bora, yaani mchezaji bora wa msimu wa kwanza, wa National League, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu. Alilalamika rasmi, shauri likaamuliwa mwanzoni mwa 2020, akashindwa, kwa kuwa klabu ina haki ya kuamua nani yuko tayari lini. Makubaliano ya 2022 yaliziba sehemu ya tundu hilo: anayemaliza wa kwanza au wa pili kwenye kura za mgeni bora anahesabiwa mwaka mzima hata akipandishwa kwa kuchelewa.

Wenzako kazini wakikuuliza kwa nini Soto hakubaki Yankees, usiwajibu kwa moyo wala kwa mashabiki. Tangu 2018 miaka yake ilikuwa inahesabiwa na wengine. Kwenye mkataba wake wa Mets, wa miaka 15, kuna kifungu kinachomruhusu aondoke baada ya msimu wa 2029 akitaka. Mets wakitaka kumzuia, itabidi waongeze dola milioni 4 kwa kila mmoja wa miaka 10 itakayobaki, na jumla ifike milioni 805.