Ibara ya 40 haitaomba hati ya mirathi kwa niaba yako

Kila Gazeti Rasmi likitangaza kwamba serikali itatwaa mashamba kwa barabara mpya, mawakili wachanga wa Kenya hutuletea petisheni ileile: Ibara ya 40 ya Katiba, inayolinda mali, imenukuliwa yote, hati miliki imeambatishwa, na mwenye jina kwenye hati alizikwa zamani. Haya, ketini.

1. Nani analalamika? Wengi wetu tuliungulia hapa, na aibu ni yetu. Shamba lina jina la babu, na kaburi lake liko palepale. Mwana mkubwa anaapa hati ya kiapo kama "mwakilishi wa familia". Wakili wa serikali hagusi fidia kabisa. Anauliza tu hati ya usimamizi wa mirathi iko wapi. Haipo. Kifungu cha 82 cha Sheria ya Urithi kinampa msimamizi wa mirathi uwezo wa kushtaki, hakimpi kifungua mimba. Utajitetea kwa Ibara ya 22 ya Katiba, kwamba yeyote aweza kufika mahakamani, na mara nyingi haitakuokoa. Petisheni inatupwa, amri ya kusitisha inaanguka nayo, tingatinga linaingia kwenye mahindi. Na dawa ilikuwa ndogo: hati ya ad litem, ya kuendesha kesi tu. Ila hiyo haipokei pesa. Pesa zinataka hati kamili iliyothibitishwa, na uthibitisho kwa kawaida husubiri miezi 6. Ombeni zote mbili mapema. Ndugu wakigombania malipo, na watagombana, iombeni NLC, yaani Tume ya Taifa ya Ardhi, iweke fidia kwenye akaunti maalum, kifungu cha 115 cha Sheria ya Ardhi.

2. Tangu marekebisho ya sheria hiyo ya 2019, mzozo wa utwaaji wa ardhi huanzia kwenye jopo maalum la utwaaji, kwa kifungu cha 133C, ndani ya siku 30 baada ya uamuzi wa Tume. Ukipeleka kilio cha kiwango cha fidia moja kwa moja ELC, Mahakama ya Mazingira na Ardhi, utarudishwa, na siku zako zimekwisha.

3. Shika kalenda. Uchunguzi wa fidia, kikao cha Tume cha kusikiliza madai, haufanywi kabla ya siku 30 tangu notisi ya nia ya kutwaa, na notisi ya uchunguzi wenyewe hutangulia kwa siku 15 au zaidi. Tarehe zikigongana, hoja hiyo inashinda kurasa kumi za machozi. Kila mwenye maslahi apelekewe notisi. Nyanya wa kijijini hasomi Gazeti Rasmi.

4. Kumbukeni kesi ya Anarita Karimi, 1979: taja ibara, na namna ilivyokiukwa. "Haki zetu zimekanyagwa" ni bango la maandamano.

5. Mthamini wenu aende kabla ya uchunguzi, ahesabu miembe na kisima, kisha mkague kama asilimia 15 ya usumbufu imeongezwa juu ya bei ya soko.