Kabla ya Kuiachia Amri Moja Mafaili Maelfu

Mstari mmoja wa sheli, yaani programu inayopokea na kutekeleza amri unazoandika, unaweza kuchakata mafaili maelfu kwa muda mfupi, na kasoro iliyomo ndani yake nayo hurudiwa maelfu ya mara kabla hujawahi kuusimamisha kwa Ctrl na C. Kwa hiyo, usiiruhusu amri iguse chochote kabla haijakuonyesha itakachofanya.

Wengi hutanguliza echo, amri inayochapisha tu maneno iliyopewa, na ni mwanzo mzuri, ila echo huficha kosa lililo baya kuliko yote. Tuseme kuna faili liitwalo "ripoti ya mwisho.txt", nawe, ukitaka kufuta kwa rm kila faili linaloishia kwa .txt, umeandika hivi, f ikishika jina la kila faili kwa zamu:

for f in *.txt; do rm $f; done

Echo itakuonyesha jina zima, nawe utaridhika. Badala yake, weka printf '[%s] ', inayochapisha kila kipande ndani ya mabano yake, mbele ya rm, utaona [rm] [ripoti] [ya] [mwisho.txt]: sheli imelikata jina kwenye nafasi, na kama lipo faili jingine liitwalo "ripoti", hilo ndilo litakalofutwa. Ukiandika "$f" ndani ya alama za nukuu, jina hubaki kitu kimoja. Zizoee alama hizo hata pale unapoamini kwamba majina yako hayana nafasi, kwani mafaili hutoka kwa watu wengi na kila mmoja huyaita apendavyo. Kwa jina linaloanza na kistari, andika rm -- "$f", lisije likachukuliwa kuwa chaguo la amri.

Mafaili yakizidi mno, rm *.txt inaweza kukataa kwa ujumbe "Argument list too long". Hapo tumia find, inayotafuta mafaili, yenye -print0 ukiiunganisha na xargs -0, inayoyapitisha majina hayo kwa amri nyingine; zote mbili hutenganisha majina kwa baiti ya sifuri, isiyoweza kamwe kuwamo ndani ya jina la faili. Chaguo la -P 4 la xargs huendesha kazi nne kwa pamoja, lakini liongeze baada ya kuhakikisha kwamba kazi moja inakwenda sawa.

Kazi ndefu nayo huweza kukatika katikati, ikaacha faili nusu linalofanana kabisa na lililokamilika. Andika matokeo kwanza kwenye jina la muda ndani ya folda ileile, kisha lipe jina lake la kudumu kwa mv, amri ya kubadilisha jina, baada ya &&, ambayo huruhusu amri inayofuata pale tu ya kwanza inapofaulu, ili amri ikishindwa jina hilo lisiwepo; utakapoanza upya, sharti la [ -e ], linalopima kama faili lipo, litayaruka yaliyokwisha na kuendelea na yaliyobaki.