Gharama za seremala: pima mwenyewe, kisha uliza anahesabu vipi

Ukiita mafundi wawili waangalie chumba kimoja, usishangae mmoja akataja bei mara mbili ya mwenzake. Kabla hujamwona mmoja mwizi na mwengine rahisi, muulize kila mmoja anahesabu kwa kipimo gani na ndani ya bei yake mna nini. Mara nyingi wanazungumzia kazi mbili tofauti.

Ufundi wa seremala huhesabiwa kwa siku, kwa kazi nzima, kwa futi ya mraba, au kwa futi ya urefu. Malipo ya siku yanafaa kwa matengenezo madogo, kama mlango unaokwama au droo iliyoachia. Kwa kabati jipya hayakufai, maana kila siku inayoongezeka unailipia wewe. Kabati la nguo kwa kawaida huhesabiwa kwa mraba wa uso, yaani upana mara kimo, na makabati ya jikoni kwa urefu wa ukuta.

Hapo kwenye urefu ndipo penye mtego. Jikoni lenye makabati ya umbo la L, ukuta mmoja mita 3 na wa pili mita 2, watu husema ni mita 5. Lakini kabati la chini lina kina cha sm 60, na kona ni moja. Ukipima kuta zote mbili hadi pembeni, kona umeihesabu mara mbili. Urefu wa kweli ni mita 4.4. Tena uliza kama bei hiyo ni ya makabati ya chini peke yake au pamoja na ya juu.

Vipimo vyenyewe navyo vina balaa lake. Futi 5.6 si futi 5 na inchi 6. Ya kwanza ni sm 170.7, ya pili sm 167.6, na sentimita 3 zinatosha kulizuia kabati lisiingie. Mita moja ya mraba ni futi za mraba 10.76. Anayesema mita ni futi tatu tu, basi mraba wake tisa, amepunguza kazi bila kujua, na fundi anayezidisha kwa 11 ameongeza kidogo. Chagua sentimita au inchi, andika kwa hiyo hiyo mpaka mwisho, na ikiwezekana tumieni tepu moja.

Sasa tuchukue kabati la upana sm 180, kimo sm 240, kina sm 60, milango 3, ndani vyumba 3 vyenye rafu 3 kila kimoja. Uso wake ni mita za mraba 4.32, sawa na futi za mraba 46.5. Kipimo hicho kinakupa ufundi. Hakikupi mbao. Shiti moja ya plaiwudi au MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi) ni futi 8 kwa 4, yaani sm 244 kwa 122, karibu mita za mraba 3. Mwenye nyumba hugawa 4.32 kwa 3 akapata shiti moja na nusu, kisha fundi akiagiza sita huonekana anajinunulia zake.

Hesabu vipande. Visimamo ni 4, na kila shiti inatoa viwili: shiti 2. Juu na chini, shiti 1, na kipande kinachobaki kinatoa rafu 2. Rafu 7 zilizosalia zinatoka kwenye shiti ya nne. Milango 3 inachukua shiti moja na nusu, na nusu inayobaki inakuwa kitako. Jumla ni shiti 6 za mm 18. Mgongoni ongeza shiti 2 za mm 6. Bawaba, kwa milango mirefu namna hiyo, ni 4 au 5 kila mlango.

Kina nacho kisiamuliwe ovyo. Msumeno wa umeme unakula mm 3 kila unapopita, na upana wa sm 122 unatoa vipande viwili vya 60 bila taabu. Ukisema unataka sm 62, shiti inatoa kipande kimoja tu, na kinachobaki ni sm 59.7. Kama milango ni ya plaiwudi hiyo hiyo, mabaki hayo yatafanya milango na rafu. Kama milango umeagiza ya mninga, umenunua shiti 2 zisizo na kazi kwa ajili ya sentimita 2.

Kwa nyumba za Mji Mkongwe usipime ukuta mara moja. Kuta za mawe na chokaa hazinyooki. Pima upana chini, katikati na juu, chukua ulio mdogo, kisha toa sm 2. Mwanya utazibwa kwa kipande cha pembeni kinachochongwa kufuata ukuta. Acha pia sm 2 mgongoni, maana chokaa hupumua unyevu, na kabati lililogandamizwa ukutani huota koga. Pima ngazi na mlango wa chumba vilevile. Kabati likikataa kupinda kwenye ngazi litaunganishwa juu, na hiyo ni siku nyengine ya ufundi. Gari haziingii vichochoroni, kwa hiyo weka pesa ya hamali. Na ukitaka kugusa mlango wa nje au dirisha la mjini, anzia Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe kabla ya kwa seremala.

Vitu vya kununua kwa jicho kali ni vidogo. Skrubu za chuma cha kawaida karibu na pwani hushika kutu, kisha kutu inakula mbao kuzunguka tundu na bawaba inalegea. Nunua za shaba au za chuma kisichoshika kutu. Jikoni, chini ya sinki, epuka MDF. Ukingo wake usiozibwa ni mdomo wa maji, na ukishavimba haurudi. Mbao za inchi 1 zikirandwa hubaki kama mm 20, kwa hiyo ukitaka unene kamili wa inchi agiza nene zaidi, na ulipe.

Katika makubaliano andikeni nani ananunua gundi, msasa na vanishi, vanishi inapakwa mara ngapi, na mabaki ni ya nani. Nakshi ihesabiwe mbali, maana inakula siku nyingi kuliko kabati lenyewe. Advansi iwe ya vifaa. Sehemu ya ufundi ibaki mkononi mwako mpaka kila mlango ufunguke na kufungwa bila kusugua. Kazi ikifanywa wakati wa kaskazi, mbao zikiwa kavu, milango ya mbao nzima iachiwe mwanya wa mm 3 kila upande, na muandikiane kwamba fundi atarudi mara moja ndani ya masika kuiranda, kwa bei ile ile.