Kabla ya kukata tiketi ya Kigoma, angalia mwezi

Safari yangu ya kwanza Kigoma niliipanga iangukie mwezi mpevu, nikajiona mjanja. Ziwa Tanganyika na mbalamwezi, nitake nini tena? Jioni ya kwanza nikakaa ufukweni kusubiri zile taa za wavuvi ambazo kila mtu aliyewahi kufika huko huzisimulia. Haikuwaka hata moja. Asubuhi nikateremka mwalo wa Kibirizi kununua dagaa, nikakuta vichanja vitupu na vijana wanashona nyavu huku wakipiga soga. Mama mmoja aliyekuwa amekalia ndoo aliyoipindua akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu, na mwezi wote huu nani akavue? Subiri giza."

Ndipo nikaelewa. Dagaa huvuliwa kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Mwanga unawavuta dagaa wapande juu, wanajazana chini ya taa, kisha wavu unainuliwa kutoka chini yao. Mwezi ukiwa mkubwa, ziwa zima limeshawashiwa taa moja, dagaa wanatawanyika, na wavuvi wanaona bora walale. Kwa hiyo siku za mwezi mpevu ni za kupumzika na kuziba matundu ya nyavu. Ukitaka kuiona Kigoma ikifanya kazi yake, nenda siku za giza. Halafu uliza pia kama uvuvi umefunguliwa: mwaka 2024 Tanzania iliusimamisha kwenye ziwa hili kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Ukija kipindi cha namna hiyo, hata giza halitakusaidia.

Mara ya pili nilikwenda na giza. Kigoma iko magharibi kabisa ya nchi lakini saa zake ni zile zile za Dar es Salaam, kwa hiyo jua linachelewa kuzama kwa karibu dakika 40. Saa moja jioni ndiyo kwanza linatumbukia nyuma ya milima ya Kongo, ng'ambo. Muda huo ndio mitumbwi inatoka, mingine imefungwa miwili miwili kwa magogo, wavu ukiwa katikati. Ukikaa sehemu iliyoinuka kidogo, kufika saa mbili usiku utaona mji mwingine umeota juu ya maji. Mimi nilijaribu kuzihesabu taa nikaishia themanini na kitu, kisha upepo ukazichanganya nikaacha.

Kesho yake wahi Kibirizi. Usiende saa kumi na mbili kamili kama nilivyofanya mimi, utasimama gizani ukipigwa na baridi, maana jua nalo asubuhi linachelewa. Saa kumi na mbili na nusu inatosha. Mitumbwi inapogusa mchanga, wanawake wameshaingia majini hadi magotini na beseni zao, na bei inapatana kabla injini haijazimwa. Kaa pembeni, usizibe njia, na usimpige mtu picha bila kumwomba. Wengi watakubali, lakini kuna atakayekwambia mkono wake mmoja umeshika beseni na mwingine unatafuta hela ya ada, sasa wewe na simu yako unamletea nini.

Kununua kuna ujanja wake. Dagaa walioanikwa kwenye vichanja vya wavu ni tofauti na walioanikwa chini. Mama yule yule wa ndoo (alinikumbuka, akacheka sana) alinifundisha: chukua mmoja, mtafune hapo hapo kabla hujalipa. Meno yakikwaruza mchanga, rudisha. Mtazame na rangi. Mzuri bado anang'aa kama bati jipya, aliyenyeshewa wakati wa kuanikwa anakuwa wa kahawia na harufu yake nzito. Wakubwa kuliko dagaa ni migebuka, ambao mimi nawapenda zaidi wakiwa wamechomwa tu, na ugali wa muhogo pembeni. Dagaa wapikiwe mawese. Ukiomba mafuta mengine watakupikia, lakini utakuwa umejinyima.

Ujiji ni kilomita chache kusini, unapanda daladala unapita mtaa wa Mwanga. Watu wengi huenda kuona pale mwandishi wa habari Stanley alipokutana na mpelelezi Livingstone mwaka 1871, wanapiga picha na zile sanamu mbili za wazungu wanavuliana kofia, wanaondoka. Mwembe wenyewe, ule wanaosimuliwa kuwa walikutana chini yake, ulishakufa, miembe iliyopo inaelezwa kuwa ni uzao wake. Ushauri wangu: mwulize anayekutembeza habari za Abdullah Susi na James Chuma, watumishi wa Livingstone. Susi ndiye aliyetangulia kumkimbilia Stanley siku ile, na Livingstone alipofariki mwaka 1873, mahali ambapo leo ni Zambia, hao wawili na wenzao waliubeba mwili wake kwa miezi mingi hadi Bagamoyo. Mimi naona hao ndio waliostahili sanamu. Na hapo ulipo ndipo njia ya misafara ilipoishia ziwani, ya pembe za ndovu na ya watu waliofungwa minyororo. Tembea polepole.

Ukitoka hapo shuka hadi majini. Mafundi wa mitumbwi wa Ujiji hufanya kazi ufukweni, na nilikaa karibu saa nzima nikimwangalia mzee mmoja akitia kalafati: anachovya pamba kwenye mafuta, anaisokota kwa vidole, kisha anaishindilia kwenye mwanya wa mbao kwa patasi butu na nyundo. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia "Marahaba" bila kuinua macho. Hakuna kiingilio wala anayekutembeza.

Bandarini Kigoma utaonyeshwa meli ya MV Liemba. Wajerumani waliileta kwa vipande, ikaunganishwa hapo Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915, wakaizamisha wenyewe mwaka 1916 isitekwe. Waingereza wakaiibua, na mwaka 1927 ikaanza tena kazi kwa jina hilo la sasa. Nilipopita ilikuwa imesimama tu. Itazame, endelea.

Hifadhi ya Gombe ndiyo inayowaleta wageni wengi, na ni kweli sokwe aliokuja kuwachunguza mtafiti Jane Goodall mwaka 1960 wanastahili safari. Ila usiibane Gombe katika nusu siku. Hakuna barabara, ni kwa boti tu kutoka mjini. Boti za abiria huondoka Kibirizi mchana na kurudi asubuhi, kwa hiyo utalala huko au ukodi boti yako, na ya kukodi si bei rahisi. Ukiwa na mafua ahirisha, sokwe huambukizwa magonjwa yetu. Vaa jaketi la kuokolea hata kama abiria wote wamelikalia. Miezi ya kiangazi kusi ikivuma, maji haya yanageuka ghafla, na ziwa lina kina cha mita 1,470. Duniani linashindwa na Baikal tu.

Kuoga? Uliza wenyeji wa pale pale unapotaka kuingia, si wa mtaa wa pili. Mamba wapo, na wanaojua wanakopendelea kukaa ni wanaoteka maji hapo kila siku.

Mwisho wa safari, dagaa wako usiwaweke kwenye mfuko wa nailoni. Nunua ndoo yenye mfuniko, tandika magazeti chini na juu. Yangu niliisukumia chini ya kiti cha treni nikajifanya siijui. Tulipokaribia Tabora abiria wa pembeni yangu akainama, akanusa, akaniuliza kama ninauza.