Muulize Fundi: Gemu yangu ya ubao, ramani inatambaa kama kobe

SWALI: Fundi mambo vipi, mi ni mwanafunzi wa chuo hapa Morogoro, natengeneza gemu ya ubao kwa Python na Pygame (maktaba ya Python ya kutengenezea gemu), wachezaji wanne wanashindana kupeleka misafara toka Bagamoyo mpaka Ujiji kupitia Tabora. Ramani ina vyumba vya pembe sita 120 kwa 100. Sheria za gemu zote zinafanya kazi fresh, shida ni ukiburuta ramani inastaki balaa, napata fremu (picha za skrini) 2 au 3 kwa sekunde na feni ya laptopu inalia kama mashine ya kusaga. Mshkaji ananiambia Python ndo tatizo nihamie C++, mwingine anasema ninunue laptopu yenye kadi ya grafiki, na hela yenyewe sina. Lupu ya kuchora, yaani kodi inayojirudia kila fremu, nimeiambatanisha, nisaidie kaka.

JIBU: Poa mdogo wangu, hao washkaji wako waache kwanza. Lupu yako nimeipitia na kusema kweli hata ungepewa kompyuta ya NASA ungelalamika tu.

Angalia mwenyewe. Kila fremu unapita vyumba vyote 12,000, hata vile vya Ujiji wakati mchezaji yuko Bagamoyo anatazama bahari. Halafu ndani ya lupu, mstari wa tatu, unaita smoothscale kuibadilisha picha ya chumba saizi kulingana na zumu, yaani picha ileile ya msitu unaipunguza upya mara elfu kadhaa, unaitupa, fremu inayofuata unaanza tena. Na majina ya miji unayachora kwa font.render humohumo. Ukitaka fremu 60 kwa sekunde, hizo ni smoothscale 720,000 kila sekunde, na fremu moja ina milisekunde 16 na ushee tu za kumaliza kila kitu.

Ila usiniamini kwa maneno, pima. Fungua terminali, endesha python -m cProfile -s tottime gemu.py (inapima kila kazi imekula muda gani), buruta ramani kama nusu dakika, funga gemu, usome mistari mitano ya juu. Nina uhakika smoothscale itakuwa imekaa pale juu kama mwenyekiti. Watu wengi wanakaa wiki nzima wanarekebisha kitu ambacho hakikuwa kinakula muda, na mimi nimo kwenye hao watu.

Sasa dawa. Kwanza hizo picha, zipunguze mara moja tu pale mtu anapobadili zumu na uzihifadhi kwenye dikshonari ya Python (unaitafuta kila picha kwa jina lake), na kila picha ukishaiload ipitishe kwenye convert_alpha, maana usipofanya hivyo Pygame inageuza muundo wa pikseli kila inapobandika. Majina ya miji nayo vilevile, render mara moja, tunza.

Hapo tayari utaona nafuu, ila utamu wenyewe uko hapa: usichore vyumba kwenye skrini kabisa. Ramani ya gemu ya ubao haibadiliki wakati mtu anawaza, ardhi ni ileile toka gemu inaanza, kwa hiyo ichore pembeni kwenye vipande vikubwa vya pikseli 512 kwa 512, na kwenye skrini ubandike vipande tu. Google Maps ilipotoka 2005 ilifanya ujanja huohuo wa vipande. Skrini ya 1366 kwa 768, hata uiweke vibaya vipi, haiwezi kugusa zaidi ya vipande 4 kwa upana na 3 kwa urefu, yaani 12. Umetoka kubandika mara 12,000 umekuja 12, bila C++ bila nini. Tena kipande hakina pembe zenye uwazi kama chumba cha pembe sita, kinabandikwa haraka zaidi.

Usitengeneze vyote kwa mpigo lakini. Chumba chako kina upana wa pikseli 64, ramani nzima inakuja kama pikseli milioni 32, mara baiti 4 ni karibu MB 130, na mtu akizumu mara mbili unazidisha kwa nne. Tengeneza kipande pale kinapohitajika, tunza kama 40 hivi, ukizidi tupa kile kilichokaa muda mrefu bila kuguswa. Kila kimoja ni MB 1, hesabu rahisi.

Mji ukichukuliwa na mchezaji mwingine, kipande chake kiwekee alama kwamba kimechafuka, kichorwe upya fremu ijayo. Hapa mimi nilishalia siku mbili: chumba kilichokaa mpakani kinalala kwenye vipande viwili, wakati mwingine vinne, na mimi nilikuwa nachafua kimoja tu, basi mji unatoka nusu mwekundu nusu bluu. Chafua vyote kinavyovigusa. Misafara na ule mng'ao wa chumba chini ya mausi usivichore ndani ya vipande, viweke juu yake kila fremu, ni vichache havina gharama.

Kuhusu feni, lupu yako inazunguka hata kama hakuna kinachotokea. Tumia pygame.event.wait, inalala mpaka mtu aguse kitu. Msafara ukiwa unatembea ndo rudi kwenye fremu 30, ukifika lala tena.

SWALI: Mimi ramani yangu ni picha moja tu ya JPG ya pikseli 8,000 kwa 6,000, faili ni MB 3, ila programu inakula mamia ya MB. Nani mwizi?

JIBU: Hakuna mwizi dada. MB 3 ni saizi ikiwa imekunjwa kwenye diski, ikifunguliwa kila pikseli inachukua nafasi yake. Umesema ni 8,000 kwa 6,000, hiyo ni pikseli milioni 48, kwa baiti 4 ni MB 192 hata ukiihifadhi kwa ubora wa chini kiasi gani. Ikate vipande ukihifadhi kwenye diski na nakala za nusu na robo kwa ajili ya zumu ya mbali. VASSAL, ile programu ya Java ya kuchezea gemu za ubao, nayo inazikata ramani zake kubwa hivyohivyo.