Jibu: Je, mchoro wa ukubwa kamili wa dirisha la kanisa la vioo vya rangi ni lazima?

Ndugu uliyeuliza kwa niaba ya kamati ya ujenzi ya parokia yenu: ndiyo, lipieni huo mchoro mkubwa. Ile picha ndogo ya rangi mliyoipitisha ni ya kuwakubalisha nyinyi na padri tu. Hakuna fundi anayekata kioo kwa kuitazama. Mimi nachora madirisha ya makanisa hapa Kampala, na huwa sigusi kioo kabla karatasi haijatandazwa mezani, urefu na upana ule ule wa dirisha.

Kwenye karatasi hiyo ndipo risasi, madini laini yanayounganisha vipande vya kioo, inapopangiwa njia. Utepe wa risasi una kiini kinachokaa kati ya kioo na kioo, unene wake kama milimita 1.75. Mkiwa na vipande 20 kwa upana, viungo 19 vinaongeza zaidi ya sentimita 3, na dirisha linagoma kuingia ukutani. Kwa hiyo vielelezo vya karatasi hukatwa kwa mkasi maalumu unaotoa ukanda mwembamba kati ya kipande na kipande. Nondo za kushikilia dirisha nazo huchorwa mapema, zisije zikapita usoni mwa mtakatifu.

Mmesema mnataka mashahidi wa Namugongo, Wakristo wa Uganda waliouawa kwa ajili ya imani. Hapo msiharakishe. Wengi wao walizungushiwa matete wakachomwa tarehe 3 Juni 1886, na mchoraji mgeni hutaka kila tete liwe kioo chake. Vipande hivyo huvunjika ovyo, na risasi inazidi kioo. Mimi huyachora matete kwa rangi nyeusi yenye oksidi ya chuma juu ya kioo kipana, kisha tanuri huishikiza kwa nyuzi zaidi ya 600. Miali ya moto ndiyo inayofaa kuchorwa kwa mistari ya risasi. Uso wa Kizito, kijana wa miaka kama 14, ubaki kipande kimoja.

Ulizeni pia dirisha linatazama wapi. Hapa kwetu karibu na ikweta, jua la Juni huegemea kaskazini na la Desemba kusini. Dirisha la kaskazini litapigwa na jua sikukuu yenyewe ya mashahidi, na rangi hafifu zisizotiwa kivuli zitameza mistari myembamba ya macho na midomo.

Mwisho, mkataba useme karatasi hiyo inabaki parokiani, imeviringishwa bila kukunjwa, kila kipande na namba yake. Jiwe likivunja kioo miaka ijayo, fundi yeyote atakata kingine kutoka hapo.