Gitaa la jazi ya Kijipsi ndani ya okestra

Ndugu yangu, umeuliza kama gitaa la jazi ya Kijipsi linaweza kukaa na okestra ya klasiki bila kumezwa. Linaweza: mwaka 1937, jijini Paris, Django Reinhardt, mpiga gitaa mwasisi wa mtindo huo, alirekodi na wapiga fidla Stéphane Grappelli na Eddie South sehemu ya kwanza ya konseto (utungo wa ala zinazoongoza zikisindikizwa na okestra) ya mtunzi Bach ya fidla mbili, gitaa lake likishika nafasi ya okestra nzima.

Ugumu mkubwa, kwa maoni yangu, hauko kwenye sauti, kwani maikrofoni hutatua hilo, bali kwenye mdundo. Kundi la Django, lililoanzishwa mwaka 1934, halikuwa na ngoma. Magitaa ya kusindikiza ndiyo yaliyobeba mapigo, mkono wa kulia ukishuka kwa mkato na vidole vya kushoto vikilegea papo hapo ili nyuzi zinyamaze. Fidla nyingi zikiingia juu ya mapigo hayo kwa upinde mrefu, huchelewa kidogo, na uchangamfu wote hupotea. Kwa hiyo waandikie wapiga fidla noti ndefu zilizotulia, au wadonoe nyuzi kwa vidole, na kazi ya kuendesha mwendo uwaachie magitaa na besi. Tafadhali mwachie mpiga gitaa mizunguko kadhaa ya wimbo ya kubuni muziki mwenyewe papo hapo. Ukimwandikia kila noti, hiyo haitakuwa jazi tena.